Wanawake Wangapi Wanatosha

Elia tulimzika Mlalo, siku ya mvua, na kama ilivyo kwenye misiba yetu kila aliyesimama alisema alichotaka. Mmoja alisema marehemu alikuwa daktari aliyetibu watu wengi. Mwingine akaongeza kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi, hata sindano yake haikuuma. Nikajiinamia, nikacheka ndani ya mtandio, Mungu anisamehe, kwa sababu Elia hakuwahi kumchoma mtu sindano maishani mwake. Alikuwa daktari wa hesabu. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani na kuwaambia madaktari wenzake, wale wa sindano, wanahitaji wagonjwa wangapi kabla hawajaanza kujisifu kwamba dawa yao inafanya kazi. Waliponiomba nami niseme neno, kama mtu aliyefanya kazi naye, nikasema alikuwa mtu mwema na mwenye subira, nikakaa. Magoti yananiuma siku hizi, na jambo nililotaka kulisema lisingeenea kwenye dakika walizonipa. Tena mchungaji alikuwa amesimama karibu kabisa, na habari zenyewe ni za uzazi wa mpango na za chumbani kwa watu. Basi nitalisema hapa, ambako hakuna wa kunikatiza.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri, kama vijana wote tulivyosubiri siku zile, bila kujua hasa tunasubiri nini. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, tena ya rangi mbili tatu, unachagua. Mitumba ilimwagwa sokoni Lushoto kila siku ya gulio, na mama zetu waliozoea kupanga foleni ya khanga sasa walikuwa wanazigeuzageuza na kuzikataa, wanasema hii haina maneno mazuri. Wanaume nao waligundua kwamba karoti na kabichi zinazowaozea shambani zina wateja Dar es Salaam, wakaanza kushuka na malori kupitia Soni na Mombo, na wengine wakishashuka hawakupanda tena mpaka sikukuu. Katikati ya pilikapilika hizo nikasikia kuna utafiti unataka wasichana wanaojua Kiswahili cha kuandika na Kishambaa cha kuzungumza. Nilikuwa navyo vyote viwili na sikuwa na kingine. Nikachukuliwa.

Utafiti wenyewe ulikuwa haujaanza, na hilo ndilo watu walikuwa hawalielewi. Kulikuwa na kidonge kipya cha kuzuia mimba, na wafadhili walitaka kukilinganisha na vile vidonge vya majira vilivyozoeleka kliniki. Wanawake wangegawanywa kwa kura, nusu hiki, nusu kile, halafu wangefuatiliwa kuona nani atashika mimba. Lakini kwanza ilibidi mtu aseme: wanawake wangapi? Mtu huyo alikuwa Elia. Alikuwa ametumwa kutoka Dar, kwao Mlalo lakini amesoma mpaka ng'ambo, mrefu, mwembamba, suruali zote fupi kidogo. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na dodoso, kuwauliza wanawake maswali ambayo majibu yake yangemsaidia kupata hiyo idadi, na jioni kumchapia karatasi zake kwa taipureta. Sote wawili tulipangishiwa vyumba kwa Mama Omari, barabara ya kupandia kanisani, na kama kuna shule niliyosoma katika maisha yangu basi ni jiko la Mama Omari.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, sebule katikati, vyumba huku na huku, na jiko nje kwa nyuma likiwa na mlango usiofungika vizuri. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu ulipokuwa ukishuka mchana na kukaa uani kama mgeni asiyejua kuaga, hakuna aliyekula sebuleni. Tulijibanza jikoni, Elia kwenye kiti pekee kwa heshima yake, mimi kwenye kigoda, Mama Omari kwenye mkeka na Rehema, kitinda mimba wake, amelala mgongoni. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti iliyotangulia kufika mahali kabla yake, na hakuna aliyemwogopa isipokuwa wenye deni la kumsengenya. Alitulisha bada la unga wa muhogo na kisamvu, maharage ya nazi, viazi mviringo vilivyopikwa kwa namna alizozijua yeye, na Ijumaa pilau. Elia Mlutheri aliinamisha kichwa kuombea chakula, naye Mama Omari, Mwislamu wa kufunga na kuswali, alisubiri mpaka mwisho na kuitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko ya mwenye sala. Halafu anamwambia, "Daktari, kula. Hesabu haishibishi." Nilimpenda yule mama. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mtu ambaye si lazima ampende, na mapenzi ya namna hiyo hayaishi upesi.

Huko jikoni ndiko Elia alikotufundisha kazi yake, kwa sababu Mama Omari hakukubali kupika chakula cha mtu asiyejua anafanya nini. "Huyu mtu anakaa chumbani kutwa nzima," alilalamika, "anatoka amechoka kuliko mkulima, na mimi simwoni jembe." Elia akafikiri, kisha akamwuliza kama kwao mahindi yanaliwa na ngedere. Yanaliwa sana. Akasema, sawa, una walinzi wawili, unataka kujua nani hodari. Kama ngedere wanakuja kila siku, utajua ndani ya wiki. Lakini kama walinzi wote wawili ni wazuri, na ngedere anapita mara moja moja, utafanyaje? Mama Omari akasema atangoja. Elia akasema utangoja sana, au itabidi uwape walinzi mashamba mengi, wakae humo msimu mzima, ndipo uhesabu mahindi yaliyoliwa. Dawa mbovu unaigundua kwa watu wachache. Dawa mbili nzuri, kuzitofautisha, zinataka watu wengi mno, kwa sababu unalolitafuta halitokei mara nyingi. "Na shamba lisilo na mahindi," akamalizia, amefurahi, "hata ukiweka mlinzi kipofu halitaliwa kitu." Mama Omari alimwangalia kwa muda, mwiko mkononi. "Kwa hiyo, Daktari, mimi ni shamba, na Baba Omari ni ngedere." Elia alipaliwa na chai mpaka nikampiga mgongoni. Tangu siku hiyo Baba Omari, ambaye mimi nilikuwa hata sijamwona kwa macho, kwangu alikuwa na jina jingine.

Hakuwepo kwa sababu alikuwa miongoni mwa hao wa malori. Alishuka na karoti, akapata kijiwe Dar, akawa anapokea mizigo ya wenzake na kuiuza, na nyumbani alikuja kwa sikukuu. Alikuwa mume mzuri, kila mtu alisema hivyo na Mama Omari ndiye aliyeanza kusema. Alituma sukari, alituma mafuta ya taa, alituma salamu na kila dereva. Kwa hiyo nilishangaa, asubuhi moja tukimenya viazi, nilipomwambia Idi ya kuchinja imekaribia na mwenye nyumba atarudi, nikaona kisu kimesimama mkononi mwake. Kisha akaniambia polepole, kwa Kishambaa, kama watu wanavyofanya jambo likiwa zito, kwamba alipomzaa Rehema alipasuliwa kwa mara nyingine, damu ikamwagika mpaka wakamkatia tamaa, na daktari alimwambia kabla hajatoka wodini: mama, mimba nyingine itakuua. Si "inaweza." Alisema itakuua. "Baba Omari anajua?" nikauliza. Hajui. Alikuwa Dar siku zile, alipokuja alikuta mtoto mzuri na mkewe amekaa kitandani anacheka. Angemwambiaje? Mumewe anapenda watoto, mama yake anamwambia kila siku kwamba nyumba ya wachache haichangamki, na Dar kumejaa wanawake. "Nikimwambia sizai tena, ataoa," alisema. "Hatakuwa na ubaya. Atakuja kuniaga vizuri, ataoa."

Akawa anajiokoa kwa majira ya kliniki, anayameza kila siku, mume awepo asiwepo, na kuyaficha kwenye mkebe wa majani ya chai. Na sasa kliniki yalikuwa yamekwisha. Nesi aliwaambia wote rudini mwezi ujao, na mwezi ujao akawaambia vilevile. Mipira ya kiume usiniulize, siku zile hapakuwa na mke aliyethubutu kumtajia mumewe kitu hicho akabaki bila kuulizwa amekijulia wapi. Kufunga kizazi hospitali walikuwa wanafunga, ila walitaka saini ya mume, na saini ya mume maana yake ni kumwambia mume. Nikamwambia, "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua." Akaniambia nimenye viazi. Halafu akaniuliza, kana kwamba ni jambo la kupita tu: "Hicho kidonge chenu kipya kitafika lini?"

Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa anamlisha Elia vile. Na mimi nikaanza kuisukuma ile kazi kama vile ni yangu. Kutoka Dar kulikuwa kumekuja ujumbe kwamba fedha ni za idadi ndogo, na kama Elia ataithibitisha mapema dawa zitapandishwa Lushoto kabla ya Idi. Elia alikuwa na wasiwasi, lakini madodoso yangu yalimsaidia. Wanawake karibu wote niliowauliza walisema mume yupo nyumbani. Shamba lina mahindi, ngedere yupo, kila mwezi una maana, basi hata wanawake wachache kidogo wangeweza kutosha. Alipiga hesabu, akazipiga tena, akasema labda. Nilipomletea Mama Omari hilo neno "labda", aliniongezea nyama.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mchana mmoja tuko jikoni tunakula, ukungu umejaa uani, mtu akabisha hodi. Sauti ya mwanamume, si ya jirani. Mama Omari akatoka mpaka kwenye kona ya nyumba. Alikuwa mnunuzi wa karoti, mgeni kabisa, anamwulizia mwenye nyumba. Tukamsikia Mama Omari anajibu bila hata kupumua: "Yuko shambani hapo juu, anarudi sasa hivi, njoo jioni." Akarudi, akakaa, akamega tonge. Mimi niliendelea kula. Elia aliacha mkono wake juu ya sahani.

"Mama Omari," akasema, "si Baba Omari yuko Dar?"

"Yuko Dar, ndiyo."

"Mbona umemwambia yuko shambani?"

Mama Omari akamtazama kama mtoto. "Daktari, mtu simjui, kabisha mlango wangu. Ulitaka nimwambie nalala peke yangu na watoto?"

"Na wanawake wengine nao husema hivyo?"

"Hata mama yako husema hivyo. Muulize."

Elia akageuka kunitazama mimi, taratibu. Wala hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Zaina, wale wote walikwambia nini hasa?" Nami nikakumbuka milango yote ile niliyoibisha, mimi na karatasi zangu na viatu vya kuazima, na sauti zile zile: yuko shamba, kaenda mtoni, atarudi jioni, keti mwanangu. Na mimi mtoto wa hapa hapa, niliyefundishwa tangu mdogo kwamba mgeni akiuliza baba unasema yuko nyuma ya nyumba, niliandika "yupo" bila hata kuinua kichwa. Mtu asiye wa milima hii angeuliza mara ya pili. Sisi tunaojuana ndio tuliodanganyana kwa adabu, kijiji hadi kijiji.

Tulirudia nyumba nyingi, safari hii nikiwa na Mama Omari mwenyewe kama mwenyeji wangu, tunakaribishwa ndani, tunapewa chai, wanasema kweli. Waume wengi hawakuwapo. Mashamba matupu, kwa lugha ya Elia. Mwanamke ambaye mumewe yuko Kariakoo hawezi kukuonyesha kama kidonge ni kizuri, hata akimeza unga wa muhogo hatashika mimba. Ukiwahesabu hao, kila dawa inang'aa. Elia alipiga hesabu upya, kutwa nzima, kalkuleta ikilia, na idadi iliyotoka ilikuwa kubwa kiasi kwamba alifungua dirisha la chumba chake akasimama hapo kwenye baridi. Wanawake wengi zaidi, muda mrefu zaidi. Akisema hivyo Dar, hakuna dawa kabla ya Idi. Pengine hakuna dawa kabisa.

Nikamwendea. Sitaki kujipamba, nilimsihi asaini ile idadi ndogo, na nikirudishwa siku ile leo nitamsihi tena, kwa sababu nilikuwa na mtu wangu mbele ya macho na yeye alikuwa na tarakimu. Sikumweleza siri ya Mama Omari, haikuwa yangu. Nilisema tu wanawake wanasubiri. Elia akanijibu kwa upole uliokuwa unaniudhi: "Zaina, nikichukua wachache, na kile kidonge kikawa kibaya kuliko hiki cha zamani, sitakiona. Nitaandika kwamba ni kizuri. Halafu watakimeza wengi, nchi nzima, na kitawaangusha, na watasema ni kudra ya Mungu." Nikamwambia ana moyo wa jiwe. Akasema pengine.

Jioni Mama Omari alitupa chakula na hakula. Aliketi, akapanga khanga yake magotini, akaniangalia mimi. Kwetu jambo la aibu halisemwi uso kwa uso na mwanamume asiye wako, hata kama goti lake na lako yanagusana. Linapitishwa kwa mtu wa katikati. Basi akaanza: "Zaina, muulize Daktari, katika hesabu yake hiyo, wako watakaoshika mimba?"

Elia alikuwa amekaa pale pale, anasikia kila neno. Alishusha macho yake kwenye sahani, mtoto wa Mlalo aliyelelewa vizuri, akanijibu mimi. "Zaina, mwambie Mama Omari, wako. Wachache. Wasipokuwapo kabisa, sitajua dawa ipi ni bora."

"Muulize hao wachache ni akina nani."

"Mwambie sijui. Wala wenyewe hawajui."

"Muulize, kama mmoja wao mimba hiyo itamwua?"

Nikashindwa kulisema hata kama maneno yalikuwa ya mtu mwingine. Haikuhitajika. Elia aliinua uso, akasahau adabu zote, akamtazama Mama Omari moja kwa moja, na nikaona anaelewa: nyama, pilau, "Daktari, kula," yote. Kisha akarudi kwangu, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Zaina, mwambie Mama Omari kidonge hicho si chake. Mwambie hata ningekuwa nacho mfukoni sasa hivi nisingempa. Utafiti ni wa watu wanaoweza kustahimili tukikosea. Yeye hawezi. Mwambie anachokihitaji kipo hospitali, hapo chini tu, na kinataka saini ya mtu mmoja."

"Mwambie huyo mtu ataoa," akasema Mama Omari.

"Mwambie na yeye akizikwa, mumewe ataoa vilevile."

Nilidhani Mama Omari atamfukuza nyumbani kwake. Badala yake alivuta sahani yake, akaanza kula, machozi yanamtiririka na hayafuti, na sisi tukala naye kwa sababu hatukujua jambo jingine la kufanya. Kesho yake Elia alipeleka idadi yake kubwa Dar. Jibu lilikuja baadaye, fupi: wanamshukuru, utafiti utahamishiwa mkoa mwingine ambako wanawake wanakaa na waume zao. Mimi kazi ikaniishia, nikabaki kumsaidia Mama Omari jikoni. Yeye chumba chake hakikulipiwa tena, lakini hakuondoka. Alisema anangoja lori zuri. Malori mazuri yalipita kila siku.

Baba Omari alifika siku chache kabla ya Idi, mtu mfupi, mcheshi, amebeba kila kitu: khanga, sukari, viatu vya Rehema, kaseti za taarabu. Alinisalimia kama mwanawe, akamtania Elia kuhusu suruali. Mchana wake baada ya sala mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele, na mlango, nimeshakwambia, haukufungika vizuri. Waliketi nyuma ya jiko, kwenye jua kidogo lililokuwepo, na Mama Omari akamwambia. Hakuzunguka. Alimwambia alichosema daktari, na tangu lini, na mkebe wa majani ya chai, na kwamba akitaka kuoa aoe ila amwachie watoto wake. Nikaacha kupepeta.

"Yaani kila nilipokuja," Baba Omari akasema. "Idi ile. Na maulidi. Na ile safari ya nyanya."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanifungulia mlango, unanichekea, unanipikia. Na unajua naweza kukuua."

Nikasikia Mama Omari anasogea karibu naye.

"Mimi nakuja na khanga mkononi," akasema mume wake, na sauti ikavunjika katikati, "kumbe nakuletea sanda."

Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, saa nane mchana, majirani wakisikia. Mama Omari ndiye aliyembembeleza. Habari ya kuoa haikutajwa tena siku ile, wala nijuavyo mimi siku nyingine yoyote. Mama yake Baba Omari alipokuja Idi na kuanza maneno yake ya nyumba isiyochangamka, mwanawe alimwambia, "Mama, kula nyama," na mambo yakaishia hapo.

Baada ya sikukuu wakaenda hospitali, akaweka saini. Lakini tumbo lililokwisha kupasuliwa halikuwa jambo dogo kulifungua tena, daktari aliwaeleza hivyo wote wawili bila kuficha, na Mama Omari akasema afadhali hatari ya siku moja kuliko ya kila sikukuu. Siku yenyewe tulikaa nje ya chumba cha upasuaji kwenye benchi la mbao, Baba Omari katikati, mimi na Rehema upande huu, Elia upande ule. Baridi ilikuwa kali. Walisema haitachukua muda, ikachukua. Nesi alipita anakimbia na kitu kilichofunikwa, akarudi, akapita tena, na hakututazama. Baba Omari alikuwa ameshika kofia yake anaizungusha, anaizungusha. Mwishowe akamgeukia Elia.

"Daktari. Wewe ni mtu wa hesabu hizi. Operesheni kama hii, wangapi huwa hawatoki?"

Elia alikuwa anajua. Nakuapia alikuwa anajua. Ilikuwa kwenye ripoti ya kulinganisha njia zote za uzazi wa mpango, wazi kabisa, kwa walio wazima na kwa waliokwisha kupasuliwa, na mimi ndiye niliyemchapia ukurasa huo kwa vidole vyangu. Kwa miezi yote ile sikuwahi kumwona mtu akimwuliza idadi akakosa kuitoa, hata usipoitaka. Alifungua mdomo. Akautazama mkono wa Baba Omari na ile kofia.

"Sijui, kaka," akasema. "Tungoje tu."

Tukangoja. Elia akaweka mkono wake begani kwa Baba Omari na hakuutoa. Baadaye sana mlango ulifunguka, nesi akatoka akijifuta jasho, akauliza nani ni watu wa Mama Omari, akasema ameamka, ni mzima, na tayari anasumbua, anataka kujua nani amebaki nyumbani kuangalia jiko. Baba Omari akacheka. Elia ndiye aliyelia.